Kuwaita warukaji wa upondo wa miaka 33 "wahenga" ni ujinga, leo nasema

Wakuu salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo nafungua uzi. Wenye presha wakae mbali.

Kila mashindano makubwa ya riadha yakianza ni wimbo uleule. Mrukaji wa upondo, yaani anayetumia fimbo ndefu kuvuka ufito wa juu, akishavuka miaka 30 tu, watangazaji wanaanza kumwandikia wosia. "Mkongwe huyu." "Anajitahidi kwa umri wake." "Huenda ndiyo mara ya mwisho tunamwona." Kuna mmoja, simtaji yeye wala kituo chake, dada wa watu anapaka chaki mikononi, anajipanga, anakimbia, anaruka, anatua, na muda wote huo jamaa anatusomea tarehe yake ya kuzaliwa. Kashika upondo juu kiasi gani? Upepo unatokea wapi? Hilo ni jaribio la ngapi? Kimya. Tunalipia king'amuzi kusikiliza sensa ya watu na makazi.

Sasa tuje kwenye matokeo, maana matokeo hayana mdomo wa kubishana. Mashindano ya dunia, Tokyo, Septemba 2025, fainali ya wanawake. Dhahabu ni Katie Moon wa Marekani, mita 4.90, miaka 34. Fedha ni Sandi Morris, Mmarekani mwenzake, mita 4.85, miaka 33. Shaba ni Tina Šutej wa Slovenia, mita 4.80, miaka 36. Jukwaa zima la medali halina mtu wa chini ya miaka 33! Vijana walikuwepo, wamekimbia njia ileile na kurukia ufito uleule, wakabaki kupiga makofi. Na Moon hapo alikuwa anabeba ubingwa wa dunia wa tatu mfululizo, baada ya ule wa 2022 na ule wa 2023 alioambulia pamoja na Nina Kennedy wa Australia.

Mtasema bahati ya mwaka mmoja. Haya, turudi nyuma. Sergey Bubka wa Ukraine, Athens 1997, bingwa wa dunia kwa mita 6.01 akiwa na miaka 33. Mwaka mmoja kabla yake kano ya kisigino ilikuwa imemtoa Olimpiki ya Atlanta bila kuruka hata mara moja, na wajuaji wa wakati ule wakamzika. Björn Otto wa Ujerumani, fedha ya London 2012 akiwa na miaka 34, na wiki chache baadaye akavuka mita 6.01. Jenn Suhr wa Marekani, mita 5.03 ndani ya ukumbi Januari 2016, rekodi ya dunia, zikiwa zimebaki siku chache atimize 34. Jeff Hartwig alipata nafasi kwenye timu ya Marekani ya Olimpiki 2008 akiwa na miaka 40. Arobaini! Na mchujo wa Marekani si wa kubebana, unapita kwa kuruka siku hiyo.

Halafu yupo Fabiana Murer wa Brazil, ambaye kisa chake kinaniuma kuliko vyote. Beijing 2008 upondo wake ulipotea katikati ya fainali, waandaaji hawajui umewekwa wapi, mwanamke anazunguka uwanjani kuutafuta na mashindano yanaendelea. Akavumilia, akawa bingwa wa dunia 2011, akachukua fedha 2015 akiwa na miaka 34. Julai 2016, miaka 35, akaruka mita 4.87, juu kuliko alivyowahi kuruka maisha yake yote. Soma tena: rekodi yake binafsi, miaka 35. Mwezi uliofuata, Olimpiki nyumbani kwao Rio, diski ya shingo imemharibikia, hakuvuka urefu wowote. Watu wakaandika "umri umemtupa mkono". Umri gani? Umri ule uliompa 4.87 wiki chache nyuma? Ni shingo, jamani. Jeraha liitwe jeraha.

Najua mtaniletea Renaud Lavillenie wa Ufaransa kama mfano wa aliyeshindwa na umri. Mleteni. Bingwa wa Olimpiki London, mtu aliyeruka 6.16 pale Donetsk Februari 2014 na kuifuta rekodi ya Bubka iliyodumu tangu 1993. Ni kweli 2023 alifanyiwa upasuaji wa msuli wa nyuma ya paja, na ni kweli Olimpiki ya Paris 2024 ikafanyika kwao yeye hayumo. Lakini usiku uleule wa Donetsk, akiwa na miaka 27, aliendelea kujaribu 6.21 akaumia mguu. Mguu haukumuuliza kitambulisho. Huu mchezo unavunja watu wa rika zote, ila akivunjika kijana inaitwa "bahati mbaya", akivunjika mtu wa miaka 37 inaitwa "muda umefika".

Sibishi kila kitu. Mwili wa miaka 36 unapona polepole kuliko wa 22, na kasi inapungua, na kwenye upondo kasi ndiyo mtaji. Pondo zinatofautiana urefu na ugumu, na mrukaji anasafiri na mfuko mzima wa pondo. Ukifika na kasi kamili kwenye upondo mgumu, unapinda, unanyooka, unakurusha. Ukipungukiwa kasi kidogo tu, unagoma, unakurudisha ulikotoka au unakuacha juu ya kisanduku cha kusimikia upondo ukitafuta godoro kwa macho. Kwa hiyo anayepungua kasi anashika chini kidogo, au anachukua upondo laini zaidi, na sentimita zinaondoka. Hapo umri unauma kweli.

Lakini tazameni mkongwe anavyofidia. Anasogeza alama yake ya kuanzia mbio kwa nusu hatua kwa sababu upepo umegeuka. Anaomba nguzo za ufito zirudishwe nyuma, maana sheria inaruhusu hadi sentimita 80. Anaacha urefu mmoja makusudi ili miguu ipumzike kwa ajili ya unaofuata. Kijana mwenye kasi anaweza kumaliza majaribio matatu kwa upondo usiomfaa, akaondoka bila kuelewa kilichotokea. Hayo mahesabu yanachukua miaka kumi kuingia kichwani.

Kwa wanaume mna kisingizio kingine: Mondo Duplantis, Mswidi mwenye rekodi ya dunia. "Wazee hawawezi kumfikia." Kwani nani anamfikia? Tokyo hiyohiyo 2025 Mondo karuka 6.30, wa pili Emmanouil Karalis wa Ugiriki 6.00. Sentimita 30. Karalis kazaliwa 1999, mwaka uleule na Mondo. Naye tumwambie astaafu? Mondo yuko sayari yake, huwezi kumfanya rula ya kupimia uzee wa wengine. Paris 2024 aliyekuwa wa pili nyuma yake ni Sam Kendricks, 5.95, miaka 31. Kwa wale watangazaji wetu huyo ni mhenga mwenye medali ya fedha ya Olimpiki.

Kinachowaondoa hawa watu mapema ni mambo yasiyosemwa. Kufuzu Paris kwa wanaume ilikuwa uvuke 5.82, la sivyo unategemea pointi za viwango vya dunia. Pointi zinatokana na wastani wa matokeo yako bora matano ndani ya miezi 12, na mashindano makubwa yanalipa pointi nyingi zaidi. Sasa mtu ametoka kwenye upasuaji, hana matokeo ya karibuni. Hana matokeo, hana pointi. Hana pointi, haalikwi kwenye mashindano yenye pointi. Mikataba mingi ya udhamini wa makampuni ya viatu nayo ina kipengele cha kupunguza malipo usiposhindana. Kijana wa miaka 23 atasubiriwa. Wa miaka 36 anajilipia mwenyewe nauli ya mfuko wa mita tano ambao mashirika ya ndege hayataki hata kuuona. Halafu akikata tamaa mnasema amezeeka.

Kinachonishangaza, hapahapa jukwaani Kipchoge alipokimbia marathoni ya Berlin 2022 kwa 2:01:09 akiwa na miaka 37 mlimwaga sifa mpaka seva ikaelemewa. Hakuna aliyemwita mhenga kwa kejeli. Dada wa Slovenia akileta shaba kwa miaka 36 mnauliza "huyu bado yupo?" Yupo! Na wewe upo kwenye kochi.

Anayetaka kubisha aje na jina, urefu na mwaka. "Umri ni umri" siyo hoja, sitaijibu.

Nawasilisha.