Mafundisho ya Gita kwa kijana aliyepoteza kujiamini

Mzazi, Dodoma mjini: Ndugu zangu, kijana wetu wa kidato cha pili amekuwa akijidharau tangu alama zake ziliposhuka, na kila mara hujilinganisha na binamu yake. Sisi ni Wahindu. Ni fundisho gani la dini yetu litakalomjengea kujithamini bila yeye kuona kwamba anahubiriwa?

Mwalimu, Kondoa: Ndugu mzazi, anzeni na Arjuna mwenyewe. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu chenye sura 18, inafungua kwa shujaa huyu ambaye mwili unamtetemeka, upinde unamponyoka mkononi, naye anasema hawezi kupigana. Krishna, Mungu anayemwendeshea gari la vita, anamkemea kidogo, kisha anakaa naye katika mazungumzo marefu. Kijana akitambua kwamba hata shujaa alivunjika moyo mbele ya watu, hataona tena unyonge wake kuwa aibu. Baada ya hapo someni pamoja sura ya 2, aya ya 47, inayofundisha kwamba haki ya mtu iko katika kutenda, si katika matunda ya tendo; kwa hiyo msifuni kwa bidii yake katika hesabu, hata kabla ya matokeo kutoka.

Bibi, Area C: Mwanangu, msimlinganishe na binamu hata kwa utani. Sura ya 3, aya ya 35, inasema wajibu wako mwenyewe, ingawa una kasoro, ni bora kuliko wa mwenzako.

Mzazi: Shikamoo, Bibi. Je, akikataa kusoma?

Mwalimu, Kondoa: Msimlazimishe. Katika sura ya 18, Krishna anamwambia Arjuna atafakari yote, kisha atende apendavyo.