Nimeuziwa kutu kwa bei ya dhahabu: hawa wanaopika pati za gitaa kwenye asidi na kuziita za 1959

Wakuu, salamu kwenu. Leo sina utani na mtu, kwa hiyo wale wa "mkuu punguza jazba" naomba mpite kimya kimya.

Kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni, yuko ng'ambo huko, ana nyota zake na sifa zake kibao. Kaniuzia seti ya pati za Stratocaster, lile gitaa la umeme la kampuni ya Fender: pikapu tatu (vile vinavyonasa mlio wa nyuzi) na vifuniko vyake vyeupe, briji ya kushikia nyuzi, vizungushio sita vya kukazia nyuzi na kifuko cha skrubu. Maelezo yake, na ninayo hadi leo, yalisema zimetoka kwenye gitaa la 1959 lililovunjwa. Bei ilikuwa ya kutoa machozi. Binamu yangu akazibeba toka London, ushuru nikalipa. Gitaa ninalotaka kuzifunga ni la mzee wetu wa solo hapa bendini, boksi na shingo ni vya zamani kweli, ila mafundi wa miaka yote hiyo wamechomekea humo kila takataka waliyoipata. Nikamwambia mzee tulia, safari hii tunalirudisha lilivyokuwa.

Wazee, zile pati hazina hata uhusiano wa mbali na 1959. Ni mpya kabisa, zimefukizwa kwa asidi, basi.

Najuaje? Tuanze na skrubu, maana hapo ndipo hawa jamaa hujiumbua. Kwenye gitaa lililopigwa kweli, kutu ina sehemu zake. Kiganja cha mkono wa kulia kinalala kwenye briji, jasho linashuka pale pale usiku kucha, ndiyo maana vile viskrubu vidogo vya kupandisha na kushusha nyuzi huliwa kwanza, tena hasa vya upande wa nyuzi nene. Skrubu ya kwenye pembe ya juu ya plastiki ya mbele, ambako mkono haufiki, unaweza kuikuta bado ina uhai wake baada ya miaka hamsini. Sasa hizi zangu zimeoza zote sawasawa, toka kichwani hadi kwenye ncha. Meno yanayozama ndani ya mbao, mahali ambapo jasho haliingii, yana kutu ile ile ya rangi ya chungwa. Skrubu gani hiyo inayotoka jasho kwa ndani?

Vizungushio sasa. Vimepigwa muhuri wa Kluson Deluxe, jina la mtengenezaji wa vizungushio na aina yake, mgongoni, na mgongo wenyewe umefifishwa vizuri sana, hapo nampa sifa zake. Lakini maandishi yako mistari miwili, neno moja upande huu, jingine upande ule. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na magitaa ya zamani anajua Fender ya 1959 ilikuja na vizungushio vya mstari mmoja unaopita katikati. Ya mistari miwili ilianza 1964. Mtu anaghushi uzee wa miaka sitini halafu anashindwa kuchagua mfano sahihi kwenye katalogi ya pati mpya, wakati yote miwili inatengenezwa hadi leo!

Vifuniko vya pikapu ndiyo vilinichekesha kwa uchungu. Vilikuja na rangi ya krimu ya kuvutia, ukiviona unasema hivi vimefukizwa na sigara za baa tatu tofauti. Nikachukua kitambaa, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Rangi ikahamia kwenye kitambaa. Ni chai, jamani. Chini yake plastiki nyeupe pee, kingo kali kama imetoka kiwandani asubuhi ile. Plastiki iliyozeeka kwa mwanga na miaka hubadilika yenyewe, huwezi kuiosha ikarudi ujana, na kingo zake huwa zimeshalainishwa na piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, iliyokuwa ikizigonga.

Yote hayo ningeyameza. Kilichonitoa roho ni pikapu ya katikati.

Imekufa. Pikapu nzima ya aina hii ukiipima kwa mita ya umeme inakupa kama kilo-omu tano na nusu hadi sita na nusu. Hii haisomi chochote, waya umekatika ndani. Nikatoa kifuniko, nikaangalia kwa lenzi: pale waya wa koili unapoungwa kwa lehemu pamekuwa na ukijani wa shaba iliyoliwa. Kumbukeni huo waya una unene wa milimita 0.06 hivi, mwembamba kuliko unywele wa wengi wetu, na umezungushwa mara elfu kadhaa. Ukipata mvuke wa asidi hauchukui muda.

Kwa wasiojua, mchezo wenyewe ni huu. Unachukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko, unaweka kikombe cha asidi ya haidrokloriki chini, pati unazining'iniza juu bila kugusa, unafunga. Baada ya saa chache nikeli inakuwa ya kijivu, chuma kinashika kutu. Ndiyo maana wanapenda nikeli, kwa sababu kromu ni ngumu, inakataa kufifia kiungwana. Mwenye akili anatia humo skrubu na mabamba tu, akitoa anasuuza, anaua asidi kwa soda ya kuokea, anakausha. Huyu wangu kaingiza pikapu nzima na koili lake, kaitoa, kaichovya chai, kanitumia.

Nilipomwandikia, majibu yake: kwamba huo ni mtindo, wateja wanaupenda, na "kila mtu anaelewa". Kila mtu nani? Neno 1959 liliandikwa na mimi?

Na msije hapa kunifundisha kwamba kuzeesha gitaa ni sanaa. Najua. Fender wenyewe, kupitia ile karakana yao ya Custom Shop, wanauza magitaa yaliyochakazwa makusudi toka 1995, na wa kwanza kuwafanyia kazi ile ni Vince Cunetto. Gibson, wapinzani wao, nao wana karakana yao ya kuzeesha, Murphy Lab. Ile Stratocaster ya 1961 ya Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland, ambayo rangi karibu yote imebanduka, Fender walitengeneza nakala zake zenye mabaka yale yale. Mnunuzi anajua ananunua nakala, anaambiwa mwaka iliotengenezwa, analipa kwa hiari yake. Sina ugomvi na hao hata kidogo, ingawa binafsi naona ni anasa ya watu waliochoka na fedha. Sisi tunaoishi karibu na bahari hapa Dar tunapigana na kutu kila wiki, nyuzi mpya zinaoza kabla ya mwezi kwisha, na wenzetu wanalipia kutu hiyo hiyo! Anayeitaka alete gitaa lake Kigamboni, alianike dirishani, sitamtoza senti.

Ugomvi wangu ni kwenye tarehe. Fender iliuzwa kwa CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, Januari 1965 kwa dola milioni 13, na toka hapo chochote kilichotengenezwa kabla ya mauzo hayo kina bei ya peke yake. Skrubu, kifuniko, noobu ya volumu, hata kile kipande cha chuma cha kufungia shingo. Kwa hiyo anayeandika 1959 juu ya pati ya mwaka jana anajua kabisa anaingiza mkono kwenye mfuko gani. Huo ni wizi, tusiupambe.

Halafu kuna vijana wa hapa hapa nimewaona wameanza kuiga. Wanachukua asidi ya kusafishia marumaru, wanajifungia bafuni, mikono mitupu, pua wazi. Wengine bafu lenyewe limetoka kumwagiwa jiki. Wadogo zangu, asidi ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini, ile ile waliyopigana nayo Vita vya Kwanza vya Dunia kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Hata bila jiki, huo mvuke ukitoka kwenye ndoo unakula bisibisi, koleo na kila chuma kilichomo chumbani, na mapafu yako hayana mipako ya nikeli. Mkishindwa kabisa kujizuia, fanyieni nje, kwenye upepo, miwani na glavu, na ukiuza mwambie mtu umezeesha mwenyewe. Neno moja tu, "zimezeeshwa". Linakugharimu nini?

Jina la muuzaji siliweki, mods watafunga uzi. Anayetaka kununua pati za zamani toka nje aulize humu kwanza, wapo wadau wanaozijua.

Sasa msaada. Muuzaji anataka nimrudishie mzigo kwa gharama yangu ndipo "afikirie". Nimekwenda kwa fundi wa kusuka mota nikiwa na ile pikapu, kaitazama akacheka, waya wake mwembamba kuliko yote ni mnene mara kadhaa kuliko huu. Kuna mtu anamfahamu fundi wa kusuka koili za gitaa, Dar, Nairobi, popote? Au mwenye pikapu ya katikati ya Stratocaster, iliyo hai, anayeiuza bei ya kibinadamu aje PM na picha ya mita ikiwa inasoma. Mpya ni sawa, ing'ae hata iumize macho. Bendi ina harusi Jumamosi.