Ngome ya Chillon katika Ziwa Geneva: je, tangu mwanzo ilikuwa gereza?

Mdadisi wa Kale:
Salaam, wanajukwaa. Nimekuwa nikisoma habari za Ngome ya Chillon, iliyoko Uswisi juu ya mwamba uliotenganishwa kidogo tu na ufukwe wa Ziwa Geneva, karibu na mji wa Montreux. Karibu kila maelezo ninayoyapata huiita gereza, na papo hapo humtaja mfungwa mmoja, François Bonivard, pamoja na shairi ambalo Mwingereza Byron alimtungia mwaka 1816. Hata hivyo, jengo lenye nyua kadhaa, kumbi za karamu na kanisa dogo lenye michoro ukutani halielekei kuwa lilijengwa kwa ajili ya kufungia watu. Naomba mwenye ujuzi anieleze kazi yake hasa ilikuwa nini, na ilipitia mikononi mwa nani hadi ikawa makumbusho.

Msafiri wa Milimani:
Ndugu Mdadisi, jibu la swali lako la kwanza utalipata barabarani. Njia ya wafanyabiashara iliyotoka Burgundy, katika Ufaransa ya leo, kuelekea Italia kupitia mlima wa Great St Bernard ilipita mahali hapo, ambapo mlima unateremka hadi karibu na maji na kuacha ukanda mwembamba tu wa nchi kavu. Aliyeushika mwamba ule hakuhitaji jeshi kubwa, kwa kuwa msafara haukuwa na pengine pa kupita, na ushuru ulilipwa kwa hiari au kwa kulazimishwa. Makabaila wa Savoy, ukoo uliotawala nchi za milima ya Alpi, walikuwa wameishika ngome hiyo kufikia katikati ya karne ya 12, na katika karne iliyofuata Peter II wa Savoy aliipanua sana.

Ukilitazama jengo lenyewe utaziona kazi zake mbili waziwazi. Upande wa barabara una kuta nene na minara yenye matundu ya kurushia mishale; upande wa ziwa, ambako adui hakutarajiwa sana, una madirisha mapana ya vyumba vya kuishi. Watawala wa Savoy hawakuwa na makao makuu mamoja, bali walihamahama na watumishi wao, na Chillon ilikuwa mojawapo ya nyumba zao.

Karani Mstaafu:
Naongezea kuhusu kifungo, maana hapo ndipo shairi limewapotosha wengi. Bonivard alikuwa mkuu wa monasteri ya St Victor mjini Geneva, na kosa lake lilikuwa kupinga Savoy isiutawale mji huo. Alikamatwa mwaka 1530. Miaka miwili ya kwanza aliwekwa katika chumba cha heshima. Ni baada ya Charles III wa Savoy kuitembelea ngome ndipo aliposhushwa kwenye vyumba vya chini, akakaa huko hadi majeshi ya Bern, mji wa Waswisi, yalipoiteka ngome mwezi Machi 1536 na kumfungua. Mfungwa wa Byron anawashuhudia ndugu zake wakifa mmoja baada ya mwingine mle gerezani, jambo ambalo halikumpata Bonivard, na Byron mwenyewe alikiri baadaye kwamba alipotunga hakuwa akiijua vizuri historia yake.

Ninachoona ni dhuluma ni kwamba mfungwa mmoja mwenye jina amewafunika wengine wote. Mwaka 1348, tauni ilipoingia Ulaya, Wayahudi wa eneo hilo walisingiziwa kutia sumu visimani, wakaletwa Chillon na kuteswa hadi wakatoa maungamo ya uongo, ambayo yalisambazwa katika miji mingine na kuchochea mauaji huko. Hao hawakutungiwa shairi.

Mdadisi wa Kale:
Nashukuru sana. Je, watu wa Bern waliifanyia nini baada ya kuiteka?

Msafiri wa Milimani:
Waliitumia kwa zaidi ya miaka 260, Ndugu, tena kwa mambo ya kiutawala zaidi kuliko ya fahari. Liwali wa Bern aliishi humo, nafaka na silaha zikawekwa ghalani, na wafungwa wakaendelea kuletwa. Mwaka 1733 liwali alihamia mji jirani wa Vevey, kwa hiyo jengo likabaki kuwa ghala na korokoro. Wenyeji wa Vaud, eneo ilipo ngome, walipoutupa utawala wa Bern mwaka 1798, ngome ikaangukia mikononi mwao, na tangu 1803 ni mali ya jimbo la Vaud, ambalo nalo kwa miaka mingi halikuwa na wazo jipya: likahifadhi humo silaha na kufungia watu.

Mageuzi yalikuja kwa mlango wa wasomaji. Byron alipita hapo na mshairi mwenzake Shelley, na watalii wakaanza kufuata nyayo zao, wakitaka kuiona nguzo ambayo inasemekana Bonivard alifungwa. Mwaka 1887 kikaundwa chama cha kuirejesha ngome katika hali yake, na kazi ikaongozwa kwa miaka mingi na mwanaakiolojia Albert Naef, aliyechimba na kupekua nyaraka kabla ya kugusa jiwe. Tangu 2002 inaendeshwa na wakfu maalumu. Wageni hulipa kiingilio mlangoni, kumbi hukodishwa kwa arusi na karamu, na kule chini, katika vyumba hivyohivyo vya mawe, siku hizi kuna mapipa ya divai.