Unguja–Chake na watoto watatu: ndege ndogo au boti?

MamaWatatu_Mwanakwerekwe: Assalamu alaykum. Idi Kubwa nakwenda kwetu Pemba na wanangu: mmoja miaka saba, mmoja minne, na wa kifuani hajatimiza mwaka. Baba yao yuko kazini, atatufuata. Ndege ndogo hazina namba za viti, na boti daraja la kawaida ni aliyewahi kapata. Wapi nitakaa nao pamoja bila ya kugombana na watu? Bei naijua, msinihesabie.

Mchuuzi_wa_Wete: Wa alaykum salaam. Boti, dada. Fika bandarini Malindi mapema, mzigo mwachie mchukuzi, mikono ibaki ya watoto. Kaa ukumbi wa chini, katikati ya chombo, ndiko kusikoyumba sana. Viti vimepangwa safu, vitatu vya pamoja hukosi.

BintKonde: Hukosi siku gani, ami? Mkesha wa Idi kila mtu kawahi! Na mwezi huo ni wa upepo wa kusi. Mkishaipita Nungwi bahari ikaanza kuinuka, yule wa minne akishikwa na kigegezi, mama atamshika kwa mkono gani?

Kaunta_Kisauni: Nilifanya kazi uwanjani, nisikilizeni. Zile ndege ndogo, Cessna Caravan, anayepanga watu ni rubani, kwa uzito. Ndiyo maana mnapimwa pamoja na mabegi. Kuwahi ngazi hakukusaidii kitu, anaweza kukuinua akakuhamisha. Sema kaunta kwamba uko peke yako na watoto watatu, kisha mwambie rubani kabla hamjapanda. Akishafunga mikanda ya watu hesabu imekwisha.

Na usiombe viti vitatu vya pamoja, mara nyingi havipo. Upande mmoja huwa kiti kimoja kimoja, upande wa pili viwili viwili. Omba safu moja: wakubwa wawili wakae pamoja, wewe ng'ambo ya ujia, mdogo mapajani. Ujia wenyewe mwembamba, unamfikia mtoto kwa mkono. Watoto wepesi, hawamharibii rubani mizani yake.

BabaPacha_Ohio: Huku Marekani, shirika la ndege la Southwest nao walikuwa hawana namba, abiria wakipanda kwa makundi. Wenye watoto wa miaka sita kushuka chini waliingia baada ya kundi A, kabla ya B, na wengine walilipia wapate kuwahi. Tangu 27 Januari 2026 wameacha, kila abiria ana kiti chake. Lakini ule ulikuwa mchezo wa foleni. Huo wenu, kama alivyosema Kaunta, ni wa mizani, kwa hiyo mbinu za huku hazikufai.

Mchuuzi_wa_Wete: Haya, nusu saa angani siwezi kushindana nayo. Lakini ndege hizo nyingi mzigo ni kilo 15 na begi laini. Nguo za Idi za watoto watatu, na zawadi za bibi yao?

MamaWatatu_Mwanakwerekwe: Zawadi atakuja nazo baba yao kwa boti, yeye hana wa kumbeba. Mie nakwenda kwa ndege. Kaunta, na kigari cha mtoto je?

Kaunta_Kisauni: Hata kikikunjika, hicho nacho mwachie baba. Halafu wakikupa kile kiti cha mbele kando ya rubani, kikatae. Mkubwa wako atakililia.

BintKonde: Na wa minne atataka usukani 😂