Mjadala: Mahubiri ndani ya daladala ni ushuhuda, au tunamlazimisha abiria kusikiliza?

Mwenye mada, Kimara

Wapendwa, habari za jioni. Naleta hoja ambayo najua itawagusa wengi, naomba tuijadili bila kutukanana.

Sisi Wakristo wa Dar es Salaam tumeshajizoesha kwamba kwa kuwa kuhubiri ni agizo, basi popote penye watu panafaa. Gari likitoka Rangi Tatu kwenda Kariakoo, mlango ukishafungwa tu, mtu anasimama nyuma ya dereva na kuanza kukemea. Pale Stendi ya Magufuli, Mbezi, basi la mkoani halijaondoka, mwingine ameshapanda: anaombea safari, anataja ajali na damu, halafu anapita na bahasha siti kwa siti. Mtaani nako spika zimeelekezwa barabarani, mkesha unakwenda hadi alfajiri, na mwenye kichanga ndani hana pa kukimbilia.

Msimamo wangu ni huu. Ushuhuda unamhitaji mtu anayeweza kukujibu au kuondoka zake. Ukimnyima nafasi hiyo, sauti imetoka lakini hujamshuhudia. Abiria amelipa nauli afike Kariakoo, hakuja ibadani. Humo garini yumo Mwislamu, yumo Mkatoliki anayesali rozari kimyakimya, yumo aliyekesha akiuguza na anataka kusinzia kidogo.

Sisemi imani ifichwe. Kuna kundi la pili ambalo nalo nina ugomvi nalo, na nadhani ni kubwa kuliko la kwanza: wale wanaosema "mimi nahubiri kwa matendo", na miaka inapita hawajamwambia mtu yeyote kwa nini wanaamini. Hawali rushwa, wanachangia misiba, wanasalimia vizuri. Yote mema. Lakini jirani atajuaje kwamba hayo yanatokana na Kristo? Atasema wamelelewa vizuri, basi. Mtume Petro aliwataka Wakristo wawe tayari kumjibu kila anayewauliza habari za tumaini lao, tena kwa upole. Angalieni, yupo anayeuliza na yupo anayejibu. Kwa hiyo tunatakiwa kuishi karibu na watu mpaka swali lije, na likija tusilikwepe.

Na Dar inatupa nafasi tele. Nyumba zetu za uswahilini vyumba vinatazamana, ukumbi mmoja, bomba moja, choo kimoja. Ukiwa na sherehe unamtafuta Mwislamu achinje ili wageni wote wale bila wasiwasi. Ramadhani unaletewa futari, Krismasi unapeleka pilau. Msiba ukitokea turubai linafungwa, na hakuna anayeuliza dini ya marehemu kabla ya kukaa mkekani. Hapo ndipo maswali ya kweli yanapoulizwa. Nilipofiwa na mama, jirani aliyekuja kulala msibani aliniuliza usiku, watu wamepungua, nguvu ya kusimama naipata wapi. Nilimjibu kwa dakika chache tu, naye akaendelea kuuliza. Sijawahi kuona mazungumzo ya namna hiyo ndani ya gari.

Kabla hamjaniletea Katiba: Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inasema kazi ya kueneza dini ni huru, na hapo hapo inasema ni jambo la hiari ya mtu binafsi, bila kuathiri sheria za nchi. Hiari hiyo anayo na yule anayehubiriwa.

Mnasemaje? Mahubiri ya kwenye magari na spika za mtaani yaachwe? Yakiachwa, tufanye nini badala yake?

Mhubiri, Mbagala

Bwana Yesu asifiwe, ndugu yangu. Mimi ni mmoja wa hao unaowasema. Nahubiri kwenye magari asubuhi kabla sijaenda kibaruani.

Unasema abiria amefungiwa. Gari hilohilo konda anafungulia muziki wa matusi toka Mbagala hadi Msimbazi, sijaona mada ya kumkataza. Anapanda muuza karanga. Anapanda muuza dawa ya meno, anaeleza inavyotibu mpaka kiuno, watu wanamwacha amalize. Neno la Mungu peke yake ndilo kero?

Unataka tungoje swali. Paulo aliwaandikia Warumi: watamwaminije yule wasiyemsikia, na watasikiaje pasipo mhubiri? Jiji hili limejaa watu wasio na jirani wa kumuuliza. Mtu anatoka Chanika usiku, anarudi usiku, aliyepanga chumba cha pili hamjui hata jina. Huyo hana mkeka wa msiba unaousema wewe. Anayo siti ya daladala tu, tena akibahatika kuipata.

Mimi nilikuwa mlevi. Nilisikia Injili nimening'inia mlangoni, mkono mmoja umeshika bomba. Aliyehubiri simjui na sijamwona tena. Angengoja nimuulize, ningekufa sijamuuliza. Marehemu Mzee Moses Kulola, mwinjilisti aliyelala 2013, hakungoja maswali. Alikwenda viwanjani akapaza sauti, na leo kuna makanisa nchi nzima. Mambo ya bahasha kila mtu atajibu kwa Mungu wake.

Mchangiaji, Magomeni

Assalaam alaykum, na nyote habari zenu. Mimi ni Mwislamu, nimeona niseme kwa kuwa nasi tumetajwa.

Kuambiwa habari za Yesu hakuniudhi. Nabii Isa nimefundishwa kumheshimu tangu madrasa. Kinachoniudhi ni kusemwa nikiwa nimekaa palepale. Mhubiri anatangaza kwamba wasio wa dini yake wanaabudu mapepo, huku macho yapo kwenye kofia yangu. Mimi nijibu? Nikijibu gari zima litageuka ugomvi. Nikinyamaza naonekana nimekubali.

Jiji hili limeshaonja maneno ya kudharauliana yanapoishia. Sisi wa Magomeni tunakumbuka mihadhara ya dini kwa dini, na vurugu za Mwembechai mwaka 1998 zilizochukua roho za watu. Mhubiri wa Mbagala atakuwa anakumbuka Oktoba 2012, ubishi wa watoto wawili kuhusu Kurani ulivyofikia makanisa kuvunjwa na kuchomwa moto. Sitaki kumtupia mtu mmoja lawama. Upande wetu nao ilikuwepo mihadhara ya kuwakejeli Wakristo, na sikuona ikimleta mtu msikitini kwa moyo mweupe.

Najua mtauliza adhana. Adhana ni dakika chache na inawaita wenyewe. Lakini mawaidha ya saa nzima usiku kwa spika ya nje, yawe ya nani, nakubali ni kero.

Sasa nimweleze mwenye mada jambo la kweli. Tunaye jirani, mama wa Kikristo. Mke wangu alipolazwa, mama yule alikaa na wanangu, akawapikia, na saa ya madrasa ikifika akawapeleka mwenyewe hadi mlangoni. Nilimuuliza kwa nini anajitaabisha hivyo. Hakuzunguka, akasema Yesu alimpenda kabla hajastahili, kwa hiyo naye hachagui wa kumpenda. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sikubadili dini na sina nia hiyo. Ila imani yake naijua, na mtu akiitukana mbele yangu simwachi.

Konda, Gongo la Mboto

Mimi abiria wakinung'unika namshusha mhubiri, wa dini yoyote. Lakini tusidanganyane, mara nyingi hawanung'uniki. Asubuhi watu wana mawazo, kodi, ada, mgonjwa nyumbani. Akianza kuomba utasikia amina hadi siti ya nyuma. Shida huwa ni kelele, na kupita na bahasha wakati nami nakusanya nauli.

Muuguzi, Temeke

Kaka mwenye mada, umetaja wasafiri ukasahau wagonjwa, na hao ndio wasioweza kuondoka kabisa.

Saa ya kuona wagonjwa wanaingia watu wa maombi. Wengine wana hekima sana. Wengine wanamkuta mgonjwa ana dripu, hawezi hata kugeuka, wanamwekea mikono kichwani na kumwambia ugonjwa wake ni laana ya ukoo. Mbaya zaidi ni anayemwambia ameshapona aache dawa. Kifua kikuu cha kawaida kinataka dawa miezi 6 bila kukatisha. Anayekatisha kwa sababu kaambiwa amepona anarudi kwetu na wadudu waliokwishazoea dawa, na nyumbani ameshawaambukiza watoto. Hapo mtu asiniambie habari ya uhuru wa kuhubiri.

Mimi ni Mkatoliki na naipenda imani yangu. Nikiwa na sare sianzi mimi kuzungumza dini, kwa sababu mgonjwa ananitegemea kwa sindano, kwa maji, kwa kubadilishiwa shuka. Nikimwambia "tusali", ataweza vipi kukataa? Akianza yeye, nakaa kando ya kitanda tunaongea. Kuna mama wa Kiislamu aliniomba nimwombee usiku kabla ya upasuaji. Nilimuuliza nisali kwa namna yangu au nikae naye tu akisali kwa namna yake. Akasema sali wewe, mimi nitasema amina.

Siku za mapumziko nakwenda na wanajumuiya wenzangu. Jumuiya zetu ndogondogo hukutana kwenye nyumba za watu, tunasoma Injili, halafu tunagawana nani aende kwa nani. Tunabeba uji na sabuni, tunauliza nani hajapata mgeni tangu alazwe. Kabla ya kusali tunaomba ruhusa. Wapo wanaosema hapana, tunawaachia uji wao tunaendelea.

Karani, Posta

Nampinga kidogo mwenye mada kuhusu kundi la pili. Siyo kila anayenyamaza anakwepa. Mahali nilipofanya kazi zamani mkuu wetu alikuwa na maombi kila asubuhi ofisini. Haikuwa lazima, alisema. Lakini asiyehudhuria alijulikana, na safari za kikazi zilikuwa za wanaohudhuria. Wenzetu wawili Waislamu walikuwa wanakaa kwenye korido mpaka tumalize. Tangu hapo mimi imani yangu naiweka kwenye status ya WhatsApp. Anayetaka atasoma, asiyetaka atapita. Hiyo nayo siyo kumpa mtu hiari?

Mwenye mada, Kimara

Nashukuru sana. Nijibu kwa ninavyoweza.

Mtumishi wa Mbagala, hoja yako ya mtu asiye na jirani ndiyo nzito kuliko zote humu, na ushuhuda wako sina haki ya kuugusa. Mungu alikupata ulipokuwa. Lakini anayetaka kuwafikia wapita njia, mahali pa kufanya hivyo anapo. Paulo alipofika Athene alikwenda sokoni akajadiliana kila siku na aliokutana nao. Wakambishia, wengine wakamdhihaki, wengine wakasema tutakusikiliza tena, na kila mtu akaenda zake. Sokoni Tandika unaweza kufanya hivyo, ufukweni Coco unaweza, na viwanja vya mikutano vipo kwa kazi hiyo. Muuza karanga nikimwambia sitaki ananipita, hanitangazii moto. Muziki wa matusi naupinga vilevile. Kanuni za kelele za 2015 ambazo NEMC, baraza la mazingira la taifa, huzisimamia haziangalii kama spika ni ya baa au ya kanisa, na kanisa ndilo lilipaswa kutangulia kuzitii.

Dada karani, habari ya mkuu wako inanipa nguvu zaidi. Mwenye cheo akihubiri kwa walio chini yake, hilo ni lilelile la garini, tena lina mshahara ndani yake. Ila status hainiridhishi. Umeandika, mtu amesoma, hamkuongea. Huyo anayekaa meza ya pili akikuuliza kesho mchana unakwenda kusali wapi, mweleze. Tumieni nusu saa ya chakula. Siombi zaidi ya hapo.

Ndugu wa Magomeni, nimesoma habari ya yule mama nikakaa kimya muda. Kuna wenzangu watasema ushuhuda wake haukuzaa kwa kuwa wewe ni Mwislamu bado. Mimi nasema alimaliza kazi yake yote. Aliulizwa, akajibu kweli, akakuacha huru. Yaliyobaki ni ya Mungu, hayakuwa mikononi mwake.

Na wewe, mtumishi, naomba ujibu la bahasha hapahapa mbele yetu, maana konda naye amelitaja. Abiria akishaona bahasha, maneno yote yaliyotangulia anayasikia upya kama biashara. Hilo linawaumiza hata wahubiri wasiochukua shilingi.

Mhubiri, Mbagala

Kutukana dini ya mtu, hapo nipo na ndugu wa Magomeni, na nitawaambia wenzangu. Dada muuguzi yuko sahihi kabisa kuhusu dawa. Mchungaji wetu hutwambia tumeze dawa na tuombe.

Magari sitaacha. Nitakachofanya ni kumwomba konda, kisha niwaulize abiria kama wananiruhusu. Wakisema hapana nashuka kituo kinachofuata.

Mwenye mada, Kimara

Ubarikiwe kwa hilo, mtumishi. Nami ningependa nipande gari unalohubiri siku moja, nisikie abiria wanavyokujibu ukiwaomba. Lakini ukiuliza mbele ya gari lililojaa, Mwislamu mmoja kati ya Wakristo wengi atapata wapi ujasiri wa kusema hapana? Hilo naomba ulifikirie. Na la bahasha bado hujanijibu.