Tupeane uzoefu: mradi mdogo unaujenga kwa kutumia nini?

Mzee wa Terminali: Wakuu, habari za jioni. Nina kiprogramu cha lugha ya C cha kusoma mizani ya dukani, faili kama tisa hivi. Nimechoka kuandika kwa mkono amri ya gcc, ile ya kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu), kila nikigusa kitu. Nitumie zana za kujenga programu kama Make, CMake, Meson, au skripti tu, yaani faili la amri? Walioumia waseme.

Binti Kodi: Make, mkuu. Stuart Feldman aliitengeneza Bell Labs mwaka 1976 na bado inadunda. Faili tisa ni mistari michache.

Kichwa Ngumu: Ukiweka nafasi badala ya Tab mwanzoni mwa mstari wa amri inakugomea, "missing separator". Mchana mzima uliishia hapo, kwa macho huoni tofauti yoyote.

Jirani wa Server: Hiyo ya Tab, acha kabisa.

Fundi wa Usiku: Uzi huu umenitonesha kidonda. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa imekufa ile betri ya kidonge kwenye ubao mama. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka, na siku hiyo intaneti haikuwepo ya kuirekebisha. Usiku wa kuamkia kukabidhi kazi, umeme ukakata, ukarudi, nikarekebisha hesabu ya VAT kwenye risiti, nikaendesha skripti ya kufungasha inayoita Make. Make haisomi kilichomo ndani ya faili, inalinganisha saa ya chanzo na saa ya kilichokwishajengwa. Chanzo changu kipya kikaonekana cha zamani, ikasema "up to date" na haikujenga kitu. Onyo la "Clock skew detected", yaani saa hazilingani, lilipita katikati ya mistari ya skripti.

Asubuhi niko mbele ya bosi na mhasibu wake. Risiti inatoka, VAT ya asilimia 18 imetozwa mara mbili. Mhasibu akavuta kalkuleta, akapiga, akaigeuza kumwelekea bosi bila kusema neno. Kazi wakampa mwingine.

Jirani wa Server: Duh! Pole sana kaka. Malipo ya awali walikuachia?

Fundi wa Usiku: Waliniachia, ndiyo.

Kichwa Ngumu: Mnaona sasa? Make imezeeka. Meson ndiyo mpango mzima, hainisumbui na Tab.

Binti Kodi: Meson inamwachia Ninja, zana nyingine ya kujenga, kazi yenyewe, na Ninja naye anaangalia saa hizo hizo. Usiwadanganye watu.

Kichwa Ngumu: Wapi nimesema haiangalii saa? Nimesema hainisumbui na Tab. Soma kwanza, dada.

Mama Java: Nyie wa C mnadeka. Sisi wa Java tunajenga kwa Maven; futa folda ya .m2, inakohifadhi ilivyopakua, uone inavyopakua kila kitu upya, bando linakata kabla hujakompaili mstari mmoja. Vikishashuka, tumia mvn -o, haigusi mtandao.

Kijana wa Kariakoo: Fundi, nunua betri ya kidonge, CR2032, bei ya soda. Au hamia mtaa usiokatika umeme 😂

Jirani wa Server: Faili tisa, skripti ya shell inatosha. Inakompaili zote kila mara, habari ya saa haipo.

Binti Kodi: Au make -B siku ya kukabidhi, inajenga zote upya bila kuuliza saa. CMake mwachie mwenye wateja wa Windows na Linux kwa pamoja.

Mzee wa Terminali: Dukani ni Linux tupu, naenda na Make. Hiyo -B inakaa kabla ya jina la programu ninayojenga au baada?

Binti Kodi: Popote baada ya neno make, mkuu.