Klachi mpya haikati, gia zinagoma kuingia (Hiace 3L)

kipanya_moro:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni mawazo kabla sijachanganyikiwa. Naendesha kipanya hapa Morogoro, Hiace ya zamani ya dizeli, injini 3L, gia za mkono. Klachi ilikuwa inateleza, kilima kidogo injini inalia gari haisogei, tajiri akanunua seti nzima, disiki, presha pleti inayoibana disiki na beringi, juzi ikafungwa. Sasa toka ifungwe haikati, yaani nikikanyaga pedeli injini haiachani na giaboksi. Gari ikiwa imezimwa gia zote zinaingia laini, ukiwasha tu namba moja inagoma, na rivasi inakwaruza mpaka watu njiani wanageuka kuangalia. Nikiweka namba moja gari ikiwa imezimwa afu nipige starta huku nimekanyaga klachi mpaka chini, gari inaruka mbele. Fundi anasema mpya ndo zilivyo, wiki moja itazoea.

Kitu kingine sijui kama kinahusu, kurudisha giaboksi walihangaika karibu lisaa, jeki ya giaboksi hawana, vijana wawili wamelala chini wamelishikilia kwa mikono, mwisho wakaanza kulivuta kwa kukaza bolti. Leo siku ya tatu gari imelala na tajiri anaulizia hesabu yake.

baba_tatu:
Subiri izoee mkuu, yangu ilisumbua siku kadhaa afu ikakaa sawa.

mama_kirikuu:
Mimi yangu ni Suzuki Carry, klachi ya waya, ilivyofungwa mpya ikawa haikati vilevile, kumbe walisahau kurekebisha nati ya waya, dakika mbili kazi imeisha. Ila Hiace ni ya fluidi, hapo wajuzi waje.

spana_12:
Toa upepo kwanza. Masta ya chini, ile inayosukuma klachi kule kwenye giaboksi, ilifunguliwa wakati wanashusha giaboksi? Kama bomba lilichomolewa hewa imeingia, hakuna ujanja. Jaribu hivi, injini inawaka, kanyaga klachi harakaharaka mara nne tano bila kupumzika, ya mwisho shikilia chini, weka gia. Ikiingia afadhali kuliko mwanzo, tatizo liko kwenye fluidi.

fundi_mstaafu:
Baba tatu samahani kaka, klachi kuzoea kupo lakini ni kwenye kushika, disiki mpya inachukua muda kukaa vizuri na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo disiki inabanwa nalo. Kukata inatakiwa ikate siku hiyohiyo inayofungwa. Ukiendelea kulazimisha gia wiki nzima unaua sinkronaiza, zile ringi zinazofanya gia ziingie laini, hapo utanunua na giaboksi.

Dereva, kabla hujaruhusu mtu ashushe tena giaboksi, tenganisha mambo mawili. Ama presha haifiki kwenye uma wa klachi, ule wenzo unaosukuma beringi, ama inafika ila ndani kuna kitu kinaburuza. Lala chini ya gari, mtu mwingine akanyage pedeli mpaka mwisho taratibu, wewe angalia kile kifimbo cha masta ya chini kinasukuma uma kiasi gani. Pima na rula, usikisie. Kwa gari hizi inatakiwa izidi sentimita moja. Ikiwa chini ya hapo usiguse giaboksi: toa upepo, angalia kama masta ya juu inavujia kule ndani kwenye pedeli, angalia na lile bomba la mpira maana likizeeka linavimba badala ya kusukuma. Na fluidi ni ya breki, DOT 3, mtu asikuwekee hydroliki ya usukani, raba zote zitavimba.

Ikizidi sentimita na bado inakwaruza, basi shida iko ndani. Wengi wanafunga disiki kinyumenyume, upande wenye springi ndo unatazama presha pleti, ukigeuza kitovu kinagusa bolti za flaiwili. Lakini wewe ulichoandika mwishoni ndo kimenishtua zaidi. Giaboksi likining'inia kwenye shafti huku shafti iko ndani ya disiki, uzito wote unabebwa na kitovu cha disiki, na yale mabati ni membamba. Kukaza bolti ndo kumalizia kabisa. Klachi inapokata, nafasi kati ya disiki na flaiwili ni ndogo mno, haifiki hata milimita, kwa hiyo disiki ikipinda kidogo tu itaendelea kugusa huku ukikanyaga mpaka mguu uume.

Na jambo moja, wasikudanganye kurefusha fimbo ya pedeli ili ikate. Pedeli lazima iwe na uchezaji kidogo juu, Toyota nyingi milimita 5 hadi 15, ukiumaliza fluidi hairudi kwenye kikopo, klachi inabaki imekanyagwa nusu na inaungua.

kipanya_moro:
Fundi shkamoo, nimepima. Milimita 7 tu. Tumetoa upepo, vimetoka vipovu vingi, sasa inasukuma 14. Namba moja inaingia kwa kulazimisha ila rivasi bado inakwaruza, na ikishapata moto ndo mbaya zaidi. Kwa hiyo ni vyote viwili??

fundi_mstaafu:
Marahaba. Inaelekea. Shusheni giaboksi, ila safari hii tafuta jeki hata ya kuazima. Disiki ikitoka ivalishe kwenye shafti ya giaboksi, izungushe kwa kidole, weka bisibisi pembeni kama alama uone kama inayumba. Angalia pia inateleza kwenye meno ya shafti bila kukwama. Grisi kwenye meno paka kiduchu, ikizidi inarukia kwenye disiki na utarudi kulekule kwenye kuteleza.

spana_12:
Kusentia disiki, yaani kuiweka katikati sawasawa, tumieni shafti ya giaboksi bovu, gereji za Hiace hazikosi. Kusentia kwa macho ndo maana walihangaika lisaa.

kipanya_moro:
Mrejesho wakuu. Disiki ilifungwa upande sahihi, lakini kuizungusha inayumba kama ringi ya baiskeli iliyogonga shimo, hata mimi nisiye fundi nimeona. Presha pleti na beringi nzima. Tumenunua disiki peke yake, tumesentia na shafti ya zamani, jeki tumeazima gereji ya jirani, giaboksi limeingia halijafika hata dakika kumi na hakuna bolti iliyovuta kitu. Rivasi kimyaaa.

Kwenye hela ya disiki ndo kuna mgogoro, fundi wangu anasema ilitoka dukani imepinda. Tajiri kasema watagawana nusunusu, mimi nimenyamaza zangu, kesho alfajiri narudi stendi.

mama_kirikuu:
Imepinda dukani 😂😂